Kidirisha Kilichodai Jina la Baba Mkwe

Kwenu mliobaki ofisini,

Mliniomba kurasa mbili za maelekezo: namna ya kumwuliza mtumiaji swali katika lugha ya Lisp, namna ya kulikagua jibu lake, na namna ya kufunga kidirisha bila kuikwamisha programu. Nimekaa barazani kwangu hapa Bariadi, chai imepoa, nimeipasha, imepoa tena, na kila nikianza kuandika maelekezo naona nyuso za watu waliowahi kuyajibu maswali hayo. Mtanivumilia. Maelekezo yamo humu ndani, yamechanganyika na watu, nami sikuweza kuwachambua kama mbegu kwenye pamba.

Nilianza kazi kabla ya kompyuta. Kampuni yetu ya upimaji ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, na mwenye kampuni, Masalu, alikuwa mpimaji mrefu, mkimya, aliyetembea porini kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mimi nilikuwa mchora ramani. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vya kisigino, nikidhani kuchora ni kazi ya mezani. Saa nne asubuhi nilikuwa katikati ya mbuga, udongo mweusi umenivua kiatu kimoja, na Masalu anachungulia kwenye darubini yake ya kupimia akisoma namba kwa sauti.

Alikuwa na utaratibu mmoja. Yeye anataja kipimo, mimi nakirudia, naye anasema "andika." Nisiporudia, haendelei. Anabaki ameinama kwenye darubini, kundi la ng'ombe linapita, mchungaji anatuamkia, tunaitikia, ng'ombe wanaisha, vumbi linatua, yeye bado anasubiri nirudie. Nilimwona mkaidi. Siku hizi nikitazama ule msimbo wetu unaomwonyesha mtu jibu lake na kumwuliza "Ndivyo?" kabla ya kulihifadhi, namwona Masalu ameinama palepale.

Tukirudi tulichora. Wino mweusi, karatasi angavu, wembe wa kukwangua makosa. Kosa la wino lina adabu: linakaa ulipoliacha, unaliona, unalikwangua. Kosa la kompyuta husafiri, likafika mbali kabla hujajua limetoka.

Kompyuta ilipofika, alikuja nayo mwalimu kutoka Mwanza atufundishe programu ya kuchorea ramani na lugha iliyokaa ndani yake, Lisp. Alitufundisha siku chache, tumbo likamkataa, akarudi mjini kwao. Nikabaki na kitabu kisicho na jalada na mabano mengi kuliko maneno. Nilijifunza kuyafunga kama tulivyofunga mifugo kwetu Mwanhuzi: unajua wangapi walitoka, huingii ndani mpaka wote warudi, na yule mmoja asiyeonekana ndiye atakayeharibu chakula cha jioni.

Programu yangu ya kwanza iliuliza mambo mawili, namba ya kiwanja na urefu wa upande. Nikamkalisha Masalu aijaribu. Kwenye urefu akaandika: kama hamsini hivi. Mstari wa chini ukatoa ujumbe wa Kiingereza.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inataka namba."

"Nimeipa."

"Umeipa maneno, bosi."

"Kwani hamsini si namba?"

Mtu aliyetusimamisha juani kwa ajili ya nukta moja alijua vizuri alichokuwa anafanya. Alikuwa ananionyesha watu watakaokuja baada yake. Niliichukia programu yangu siku hiyo, na kesho yake nikaanza kuipenda.

Maelekezo ya kwanza ni hayo. Ukitanguliza amri ya initget yenye namba saba kabla ya swali, programu itakataa jibu tupu, itakataa sifuri, itakataa namba iliyo chini ya sifuri. Mstari mmoja, kazi tatu. Lakini maneno ya kukataa hayatoki kwako, yanatoka kwenye programu, kavu, kwa Kiingereza, wala huwezi kuyabadili. Ndiyo maana mnaona nimeacha njia hiyo sehemu nyingi. Napokea kila jibu kama maneno tu, nalikagua mwenyewe, na likiwa na kosa namwambia mtu kwa Kiswahili.

Hata Kiswahili nilikikosea mwanzoni. Tulikuwa na karani, Minza, mwanamke wa Lamadi aliyekulia kwenye biashara ya dagaa na asiyeogopa mtu. Aliogopa ujumbe wangu. Akiandika vibaya ilitokea "Jibu si sahihi," naye alisukuma kiti nyuma, mikono juu, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Nimeiharibu?"

"Hujaiharibu, inauliza tena."

"Sasa mbona inauliza kwa hasira, dada?"

Nikabadili. Badala ya "Jibu si sahihi" nikaweka: "Urefu huandikwa kwa namba, mfano 42.6. Jaribu tena." Tangu hapo Minza hakuniita tena. Ujumbe wa kosa hauwezi kupata sifa kubwa kuliko hiyo.

Kisha ikaja aibu ya majina. Ramani ya kwanza ya kijiji iliyotoka kwenye printa yetu ilikuwa na akina Masanja kaskazini, akina Masanja kusini, na kina Kulwa wakiwa wamewazunguka. Kijiji kizima hakikuwa na mtu mwenye jina la pili. Getstring, amri inayopokea maneno, usipoipa ile herufi T huhesabu nafasi kuwa mwisho wa jibu, hivyo kila mtu alikatwa baada ya neno la kwanza. Wanakijiji walicheka sana. Masalu hakucheka. Siku hiyo ikazaliwa sheria ambayo bado mnayo: jina la mtu lazima liwe na maneno mawili au zaidi. Ilikuwa sheria nzuri, na ilikuwa na sababu.

Paulo alikuja miaka ya baadaye, kutoka Morogoro, kijana mwepesi wa mikono, mwenye kupiga mluzi akifikiri. Ndiye aliyetuletea vidirisha. Badala ya maswali kutoka moja moja chini ya skrini, kikatokea kidirisha kimoja chenye visanduku vyote, na kitufe cha Sawa kikiwa kimefifia hadi kila kisanduku kiwe na jibu linalokubalika. Ilipendeza. Mtu aliona safari yote mbele yake, akaweza kurudi nyuma, akaweza kusahihisha bila kuanza upya. Somo la Paulo liko kwenye faili zenu: kila kisanduku na kazi yake, kitufe cha Ghairi kinachofunga kidirisha bila kuikwamisha programu, kila kosa likisemwa chini ya kidirisha na si kwenye kidirisha kingine kinachoruka usoni, na mshale ukirudishwa kwenye kisanduku chenye shida. Alikuwa sahihi katika mambo mengi. Nataka mlijue hilo kabla sijafika kwenye kisa cha Nkololo.

Wakati huo kulikuwa na ramani iliyorudishwa kutoka vijiji vya Meatu ikiwa na matundu, mashamba yasiyo na maelezo ya wenyewe. Masalu, ambaye kufikia hapo alitembea na fimbo na hakwenda tena porini, akasema hataki tena kuona tundu. Paulo akafanya visanduku vyote kuwa vya lazima.

Tulipewa kazi ya kupima mashamba ya kitongoji kimoja upande wa Nkololo ili watu wapate hati za kimila. Tulifunga turubai karibu na ghala la pamba, jenereta ndogo ikikohoa nyuma yetu, meza moja, laptopu moja. Paulo aliandika, mimi nilikaa pembeni yake na ramani. Kamati ya ardhi ya kijiji ilikaa kwenye benchi, na mwenyekiti wao, Mzee Ndaki, alikuwa ametangaza masharti asubuhi kwa lugha mbili. La kwanza, kila mwenye shamba ataje mwenyewe mtu aliyelifyeka shamba hilo mara ya kwanza, maana huko ndiko haki ya shamba inakotokea. La pili, kamati haitamsemea mtu, kwa sababu zamani walilalamikiwa kuwa wanawasemea rafiki zao. La tatu, shamba litakalokosa maelezo hadi jioni litachorwa bila jina.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka akaja Mama Holo. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyetoka kuvuna na anarudi kuvuna. Shamba lake la pamba na mtama lilikuwa kando ya mto, lile ambalo kila mtu kwenye foleni alilitazama kwenye ramani yangu kabla ya kutazama lake. Nyuma yake alisimama shemeji yake, Limbu, mdogo wa marehemu mumewe, na kando ya Limbu dada yao, Kabula. Limbu alikwishaomba mapema: mashamba yote ya baba yake yatakayobaki bila jina aandikiwe yeye, mtoto wa kiume aliye hai. Mzee Ndaki alikubali kwamba ombi hilo ni la haki. Kwa hiyo kila mtu pale alijua kilichokuwa mezani. Mama Holo akijaza visanduku, shamba ni lake na la mwanawe Holo. Asipojaza, ni la Limbu.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma. Akaitikia. Jina lake akalitaja vizuri, la mtoto, la jirani wa mashariki, la jirani wa magharibi. Visanduku vikawa vinakubali kimoja baada ya kingine. Kikabaki kimoja.

"Nani alifyeka shamba hili mara ya kwanza?" Paulo akauliza.

Mama Holo akatazama chini. "Ni baba."

Paulo akaandika "baba." Kidirisha kikakataa, kwa upole tuliokifundisha: jina lina maneno mawili au zaidi.

"Baba yako anaitwa nani, mama?"

"Si baba yangu. Ni baba wa nyumbani."

"Huyo wa nyumbani ana jina?"

"Analo."

Foleni ikacheka. Paulo akasubiri, vidole juu ya kibodi. Alidhani hajasikika, akauliza tena kwa sauti zaidi, na Mama Holo akavuta pembe ya kanga mdomoni.

Mimi nilikuwa nimeelewa tangu neno la kwanza, kwa sababu mimi pia ni mke wa mtu. Niliolewa kijijini Sola, na tangu siku ile sijawahi kulitamka jina la baba mkwe wangu. Karani wa benki akiniuliza jina kamili la mume wangu, ambalo limebeba la baba yake, namsukumia kitambulisho na kutazama dirishani. Lakini mimi najua kuandika, na kalamu ilinitoa mahali pengi. Mama Holo hakuwa na kalamu. Alikuwa na mdomo tu, na mdomo huo ulikuwa umeitunza heshima hiyo tangu alipoingia katika mji ule kama bibi arusi.

"Analijua," nikamnong'oneza Paulo. "Ni baba mkwe wake. Halitamki."

"Hata kwa ajili ya shamba?"

"Hata."

Akapiga mluzi kidogo, akafikiri. Mwenyekiti akakuna kichwa. Akasema jina hilo yeye analijua, hata kuku wa hapa wanalijua, ila wamekubaliana kamati isimsemee mtu, na akianza kwa huyu jioni atakuwa na kesi za foleni nzima. Kisha Limbu akasogea mezani, akitabasamu, si mtu mbaya, ila mtu aliyeona mlango umeachwa wazi.

"Kijana, unajichosha," akamwambia Paulo. "Andika hajui. Asiyemjua mwenye shamba atalimaje shamba?"

Watu wakacheka tena, kidogo zaidi. Paulo akanigeukia. Naye alikuwa na njia, akanieleza kwa sauti ya chini: akiandika "Haijulikani" mara mbili, hayo ni maneno mawili, kisanduku kitapita, kitufe kitawaka, mama wa watu aende zake. Alisema kwa huruma kabisa. Ilikuwa kweli, kisanduku kingepita. Kingepokea uongo wenye maneno mawili, na kilikuwa kimeukataa ukweli wenye neno moja. Na kamati ikisoma "Haijulikani," shamba lingekuwa la Limbu kabla ya jua kuzama.

Nikauweka mkono wangu juu ya kibodi. Nikamwambia tubadili swali. Paulo alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, na kilichofuata ni kazi yake. Alifungua faili la kidirisha palepale, kwenye vumbi, jenereta ikikohoa. Akaongeza vitufe viwili chini ya kisanduku: "Anataja mwenyewe" na "Anatajiwa na ndugu." Ukichagua cha pili, kinafunguka kisanduku cha jina la anayetaja, na kitufe cha Sawa hakiwaki mpaka mwenye shamba aulizwe mbele ya jina lililoandikwa: ni huyu? Ajibu ndiyo au hapana, basi. Akakosa bano moja, akalitafuta, akalipata. Mimi nilimweleza Mzee Ndaki wakati huo. Aliwageukia wenzake, wakasemezana Kisukuma, wakakubali kwa sharti kwamba ndugu huyo awe wa damu ya aliyefyeka.

Wa damu waliokuwepo ni wawili. Limbu akakunja mikono kifuani. Akasema jina la baba yake atalitaja, mbona atalitaja, akifika zamu yake.

Akabaki Kabula. Yeye na wifi yake walikuwa hawajasalimiana vizuri tangu matanga, kwa sababu ya debe la mtama ambalo kila mmoja alilieleza tofauti. Alikuja pale na kaka yake, akasimama upande wa kaka yake. Sikuthubutu hata kumwita. Mama Holo naye hakugeuka kumtazama. Angegeuka ingekuwa kuomba, na hilo la debe lingekuwa limekwisha kwa kushindwa kwake.

Kabula alikuwa hatazami shamba kwenye ramani. Alikuwa anamtazama Limbu.

"Rudia ulichosema," akamwambia.

"Nimesema nini?"

"Kwamba huyu hajui. Tumeishi naye miaka yote hii, hajawahi kulitaja jina la baba hata baba mwenyewe akiwa shambani, hata akigombana nasi. Mtoto akiitwa jina hilo kwa jirani, huyu huondoka. Kumheshimu baba yetu ndiko leo unakuita kutojua?"

Limbu akasema alikuwa anatania.

"Utani wako unaandikwa kwenye kompyuta," Kabula akasema. Akasogea mezani, akasimama sawasawa kama mtu anayeapa, akalitaja jina la baba yake taratibu ili Paulo aandike: "Shigela Nkwabi. Ndiye aliyefyeka. Akampa kaka yetu mkubwa, mume wa huyu. Na alipougua, huyu ndiye aliyemwogesha."

Jina lilipotajwa Mama Holo alifunika uso wote kwa kanga. Paulo akaandika, akageuza laptopu, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Mama, aliyetajwa na wifi yako ndiye?"

Kutoka ndani ya kanga: "Ehe. Ndiye."

Kitufe kikawaka. Nimeona vitufe vingi vikiwaka, ofisini na porini, na sijawahi kuona foleni nzima ikisogea mbele ili kukitazama kimoja.

Limbu aliinama akatazama skrini. Nilidhani atabisha. Akamwuliza Paulo kama maandishi yale yanaweza kuongezwa ukubwa. Paulo akayaongeza. Akalisoma jina la baba yake kwa midomo tu, akajisafisha koo, akasema basi, lake yeye liandikwe lile la juu, la kisimani. Kabula alimwambia lile la kisimani ndilo lenye udongo mzuri, aache kujiliza, na watu wakacheka tena, safari hii kicheko cha nyumbani.

Mengine ni ya kazi. Jioni ile, kabla ya kufungua turubai, wanawake wengine watatu au wanne walikuwa wamekwishapita kwa kitufe cha "Anatajiwa na ndugu," na mwanaume mmoja pia, aliyeandikiwa shamba la mama mkwe wake na ambaye alisimama nje kabisa ya turubai mpaka jina likaisha kuandikwa. Tuliporudi Bariadi, Masalu alikiangalia kidirisha, akabonyeza kila kitu kwa ncha ya fimbo yake kama kawaida, akauliza nani ameongeza. Paulo akasema tumeongeza. Masalu akasema kiachwe. Basi mkiwaza kufupisha kidirisha kile, na najua mnawaza, fupisheni kwingine. Sheria ya maneno mawili iacheni pia. Ila kabla ya kufanya kisanduku chochote kuwa cha lazima, kaeni kwanza pembeni ya anayeuliza, mumtazame anayeulizwa, si skrini.

Hati zilipokuwa tayari tulizipeleka wenyewe. Mzee Ndaki alitaka kila hati isomwe yote mbele ya watu kabla ya kukabidhiwa, na aliisoma ya Mama Holo kwa sauti yake kubwa ya mikutanoni: jina la mwenye shamba, mto, mipaka, majirani. Alipokaribia mstari wa aliyefyeka, Kabula, ambaye alikuwa amekaa naye kwenye kanga moja iliyotandikwa chini, alimgusa begani. Mama Holo akaziba masikio kwa vidole vyote viwili na kufumba macho, akicheka kimyakimya, mabega yakitikisika. Mzee Ndaki akasoma. Kabula akamgusa tena. Mama Holo akafumbua macho, akatazama midomo ya mwenyekiti kuhakikisha imetulia, akaondoa vidole masikioni, akainuka na kunyoosha mikono yote miwili kupokea.